Liaquat Ali Salaam, Fundi wa Ngoma za Jazi

Tangu utotoni, nikikaa nyuma ya wapiga ngoma katika arusi za kwetu, nilijua kwamba ngoma moja hushika mwendo na nyingine husema. Kwa hiyo nilistaajabu kupata habari kwamba Mmarekani Kenny Clarke alifukuzwa kazi kwa kuziacha ngoma zake ziseme.

Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1914. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akapelekwa nyumba ya mayatima. Siku hizo wapigaji wa jazi walishika mwendo kwa mguu, kwenye ngoma kubwa. Clarke akauhamishia kwenye toazi, kwa mkono wa kulia. Mguu na mkono wa kushoto vikapata nafasi ya kuchokoza na kujibu. Mwenzake mmoja katika bendi ya Teddy Hill akalalamika kwamba anampoteza, na Hill akamwachisha Clarke.

Lakini mnamo 1940 Hill alipokuwa msimamizi wa klabu ya Minton's, Harlem, alimwita yule yule aongoze bendi. Hapo, pamoja na Thelonious Monk na Dizzy Gillespie, ikakua jazi mpya iitwayo bibop.

Mwaka 1946, baada ya kutoka jeshini, alisilimu akaitwa Liaquat Ali Salaam. Alihamia Ufaransa mwaka 1956, akafariki huko Januari 1985.

Kosa lililomfukuzisha sasa ndilo somo la kwanza la wanafunzi wa jazi. Mola amrehemu.