Midgley: Aliijua spiriti ya mahindi, akachagua risasi

NDEGE ndogo zenye injini za pistoni, zile za abiria watatu au wanne ambazo marubani hujifunzia, mpaka leo nyingi hutumia petroli yenye madini ya risasi. Ni madini yale yale yaliyomo kwenye betri za magari. Petroli ya magari yenye risasi iliondolewa Afrika Mashariki ifikapo mwaka 2006, baada ya nchi za Kiafrika kukubaliana hivyo mjini Dakar mwaka 2001. Kwa ndege ndogo, kazi hiyo bado haijamalizika.

Mtu aliyeiingiza risasi katika petroli ni Thomas Midgley, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1944. Habari zake huelezwa zaidi na wanaoshughulikia afya na mazingira. Lakini zinamhusu pia mkulima, kwa sababu kabla ya kufikia risasi, Midgley alikuwa na jibu jingine mkononi, nalo lilitoka shambani. Lilikuwa spiriti, ambayo wataalamu huiita ethanoli, inayotengenezwa kwa mahindi, miwa, viazi au mihogo.

Midgley alizaliwa Mei 18, 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Baba yake alikuwa mbunifu wa vifaa, zikiwamo tairi za magari. Kijana alisoma uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1911. Hakusomea kemia, jambo la kushangaza ukizingatia kwamba sifa zake zote zilitokana na kemia.

Mwaka 1916 aliajiriwa mjini Dayton, Ohio, katika maabara ya Charles Kettering, mtu aliyekuwa amejipatia jina kwa kutengeneza starta ya umeme iliyowaondolea madereva adha ya kuzungusha injini kwa mkono.

Mlio uliotoka shambani

Wakati huo Kettering alikuwa akiuza jenereta ndogo za kuwashia taa mashambani, zilizoitwa Delco-Light. Zilitumia mafuta ya taa, na wakulima walizipenda, ila zilikuwa na kasoro moja. Zikibebeshwa mzigo mkubwa, injini iligonga.

Mafundi wa gereji wanaujua mlio huo. Gari likipandishwa mlima kwa gia kubwa, husikika kana kwamba kuna mtu anapiga silinda kwa nyundo ndogo. Hutokea pale sehemu ya mafuta ndani ya silinda inapolipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlio wenyewe ni kero tu, lakini ukiachwa uendelee huharibu pistoni. Tena unamzuia mtengenezaji kufanya injini bora. Injini inayogandamiza zaidi mchanganyiko wa hewa na mafuta hutoa nguvu zaidi kwa lita ile ile, ila ndiyo inayogonga zaidi.

Wengi waliamini kosa lilikuwa kwenye umeme wa plagi aliouleta Kettering. Midgley alipewa kazi ya kutafuta ukweli. Alitoboa dirisha dogo kwenye silinda, akatengeneza kamera kwa kopo tupu la nyanya, akapiga picha za moto ulivyowaka ndani. Picha zilionyesha kwamba tatizo lilikuwa mafuta yenyewe, si plagi.

Kisha wakabahatisha. Yeye na bosi wake walikumbuka ua moja la porini lenye majani mekundu kwa chini, ambalo huchanua mapema kukiwa bado na theluji. Wakadhani wekundu hunyonya joto, na kwamba mafuta mekundu yangewaka vizuri zaidi. Midgley alikwenda stoo kutafuta rangi nyekundu, akaikosa, akachukua aidini. Injini ikaacha kugonga. Baadaye walijaribu rangi nyekundu halisi na hazikusaidia chochote. Dhana ilikuwa potofu, lakini sasa ilijulikana kwamba kitu kidogo kikiongezwa kwenye mafuta kinaweza kuiponya injini.

Aidini ilikuwa ghali na ilikula vyuma. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Midgley alihamia kwenye mafuta ya ndege za kivita. Injini ya ndege haiwezi kuvumilia kugonga kama ya gari, kwa sababu rubani hana kando ya barabara pa kusimama. Kikundi chake kilitengeneza mchanganyiko maalumu uliofanyiwa majaribio angani mwaka 1918, lakini mwaka huo huo vita vikaisha.

Spiriti mezani

Baada ya vita, hofu kubwa ya Wamarekani ilikuwa kwamba mafuta ya ardhini yangekwisha upesi. Magari yaliongezeka kila mwaka, na wataalamu wa serikali walikadiria akiba isiyozidi miongo michache. Maabara ya Dayton ikaigeukia spiriti. Ilikuwa na faida mbili. Mosi, haigongi, na ikichanganywa na petroli huifanya petroli nayo isigonge. Pili, haichimbwi. Inavunwa, na msimu ujao inavunwa tena.

Mwaka 1920 Midgley aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, kwa mchanganyiko mmojawapo wa spiriti na mafuta ya petroli. Oktoba 1921 aliendesha gari lenye injini ya mgandamizo mkubwa kutoka Dayton hadi mkutano wa wahandisi wa magari mjini Indianapolis, katika tangi akiwa ameweka mchanganyiko wenye asilimia 30 ya spiriti. Lilifika. Mtu huyo hakuwa mgeni wa spiriti, wala hakuhitaji kuhubiriwa.

Miezi miwili haikupita. Desemba 9, 1921, maabara ilijaribu kimiminika chenye risasi kiitwacho tetraethili. Kiasi kidogo sana kilitosha kunyamazisha injini kabisa.

Hapa mkulima na mfanyabiashara wasimame kidogo wapige hesabu. Spiriti inahitajika kwa wingi, lita 10 au zaidi katika kila lita 100 za mafuta, ndipo ifanye kazi hiyo. Risasi ilihitaji gramu chache tu kwa galoni. Aliyeuza spiriti alichukua nafasi ya muuza petroli ndani ya tangi. Aliyeuza risasi alikaa pamoja na muuza petroli bila kumpunguzia lita hata moja. Tena kutengeneza spiriti ni maarifa ya kale, hakuna awezaye kuyakatia hataza. Mkulima yeyote mwenye mahindi na mtambo angeweza kuiuza. Risasi ya petroli ingekuwa na mwenyewe mmoja, na kila aliyejaza gari angemlipa.

Haki itendeke: hesabu haikuwa ya uroho mtupu. Spiriti ya miaka hiyo ilikuwa ghali kuliko petroli, na tangu 1920 Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe, hivyo kila mtambo wa kuchuja ulimulikwa na polisi. Wenye viwanda wangeweza kusema kweli kwamba risasi ilikuwa rahisi. Ambacho hawakuwa na haki ya kusema, na baadhi walikisema, ni kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Petroli ya kwanza yenye risasi iliuzwa Dayton Februari 1923. Mei mwaka huo magari yaliyoshika nafasi tatu za kwanza katika mbio za Indianapolis yaliitumia, na tangazo gani lingezidi hilo? Mwaka 1924 kampuni za General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja iliyoitwa Ethyl, Kettering akiwa rais na Midgley makamu wake. Katika jina hilo neno risasi halikuonekana popote.

Vifo kiwandani

Ubaya wa risasi ulijulikana tangu zamani. Midgley mwenyewe alikuwa ameugua kwa sumu yake na mapema 1923 akaenda Florida kupumzika. Oktoba 1924 wafanyakazi watano walifariki katika mtambo wa kutengeneza tetraethili huko New Jersey, na wengine wengi wakalazwa. Kabla ya kufa walipatwa na wazimu, wakaona vitu visivyokuwepo.

Mwisho wa mwezi huo Midgley aliwaita waandishi wa habari. Mbele yao alijimwagia kimiminika hicho mikononi na kuvuta harufu yake kwa dakika nzima, kuonyesha kwamba hakina neno. Alifanya hivyo akijua kilichompeleka Florida.

Baadhi ya miji na majimbo yalipiga marufuku petroli hiyo. Mei 1925 serikali iliitisha mkutano, ambapo daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alipinga waziwazi risasi kuenezwa barabarani. Kamati iliyoundwa ilitoa taarifa mapema 1926 kwamba haikuona sababu za kutosha za kuizuia. Biashara ikarejea na kuenea dunia nzima.

Wakulima wa mahindi hawakukaa kimya. Bei zilipoanguka miaka ya 1930, wa Nebraska na majimbo jirani walidai spiriti yao ichanganywe na petroli, na kule Atchison, Kansas, kiwanda kilitengeneza mafuta hayo yakauzwa kwa jina la Agrol. Kabla muongo haujaisha kilikuwa kimefungwa. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya Marekani iliiona kampuni ya Ethyl na hatia ya kutumia leseni zake kudhibiti wauzaji na bei, lakini kufikia wakati huo soko lilikuwa limeshakamatwa.

Midgley alikuwa ameshahamia kwenye majokofu. Gesi aliyoibuni mwaka 1928, iliyouzwa kama Freon, haikulipuka wala haikuwa na sumu, na ilisambaza friji majumbani. Miaka mingi baada ya kifo chake iligundulika kwamba jamii hiyo ya gesi inatoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Wakati wa uhai wake alipata medali juu ya medali. Mwaka 1940 aliugua polio iliyompooza miguu. Akiwa mhandisi hadi mwisho, alijitengenezea kamba na roda za kumwinua kitandani. Novemba 2, 1944, nyumbani kwake Worthington, Ohio, alikutwa amefariki, kamba zile zikiwa zimemnyonga. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Petroli ya magari yenye risasi iliendelea kuuzwa miaka mingi zaidi, hali madaktari wakionyesha kwamba inadumaza akili za watoto. Nchi ya mwisho kuiacha ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo la kufungwa kwa ukurasa huo lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi.

Spiriti imerudi. Marekani kwenyewe petroli ya kawaida ina asilimia 10 ya ethanoli, na zaidi ya theluthi ya mahindi yake huishia viwanda vya ethanoli. Malawi ilianza kuchanganya ya miwa mwaka 1982, na Kenya ilijaribu miaka hiyo hiyo kwa molasesi ya Muhoroni, kisha ikaacha.

Kwa injini nyingi za magari ya kisasa, asilimia 10 haina madhara. Lita hiyo ina nguvu pungufu kidogo, kama asilimia 3. Ila mwenye pikipiki au pampu asidanganyike kuongeza gongo kwenye tangi. Spiriti ya kuchanganya huondolewa maji karibu yote, na gongo ina maji tele. Maji yakizidi, mchanganyiko hujitenga, petroli ikabaki juu, maji na spiriti vikazama chini na kuingia kwenye kabureta. Tena spiriti hulainisha baadhi ya mipira ya zamani.

Ndege ndogo huogopa hayo hayo maradufu. Huko juu kuna baridi, na baridi huharakisha kujitenga kwa mafuta. Ndiyo maana ndege zilizoidhinishwa kutumia petroli ya magari kwa kawaida hukatazwa ile yenye ethanoli. Kuichanganya kidogo katika injini ambayo haikuandaliwa ni hatari. Kuibadili injini nzima ili inywe spiriti tupu ni jambo jingine, na limefanyika. Mwaka 2004 Brazil iliidhinisha ndege iitwayo Ipanema, inayotumia ethanoli ya miwa bila tone la petroli. Ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, na miongoni mwa mashamba inayohudumia yamo ya miwa.