Codman: Daktari Aliyeyahesabu Makosa Yake

Kiswahili hutumia neno moja, bingwa, kumwita mwanamichezo aliyeshinda na daktari aliyebobea. Tofauti ni kwamba mwanamichezo hupata jina hilo baada ya matokeo kujulikana, ilhali daktari hulipata kwa shahada, kabla hatujauliza iwapo wagonjwa wake walipona. Aliyeitambua kasoro hiyo mapema, na kuadhibiwa kwa kuitaja, ni Ernest Amory Codman.

Codman alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1869. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895, akawa mpasuaji katika Hospitali Kuu ya Massachusetts. Huko aliona kwamba vyeo vilitolewa kwa kuzingatia ukongwe kazini, wala si hali ya wagonjwa. Alipendekeza jambo sahili: kila mgonjwa awe na kadi, na baada ya mwaka mmoja atafutwe ili ijulikane kama tiba ilifaulu. Isipofaulu, sababu ichunguzwe.

Hapo ndipo uadilifu wake ulipodhihirika, kwani hakudai kwamba kila kifo ni kosa la daktari. Upungufu wa ujuzi, uamuzi mbaya, ukosefu wa uangalizi na kutotambua ugonjwa aliviweka upande mmoja. Maradhi yasiyoshindika na mgonjwa kukataa tiba akaviweka upande mwingine. Kumlaumu daktari kwa ugonjwa usiotibika ni dhuluma; kumfichia uzembe wake ni dhuluma vilevile, na anayeilipia ni mgonjwa.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Codman alijaribu. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo. Kufikia 1916 wagonjwa 337 walikuwa wametibiwa na kutoka, naye akachapisha hadharani makosa 123 yaliyotendeka humo.

Wenzake hawakumwiga. Mwaka 1914 alijiuzulu katika Hospitali Kuu kupinga vyeo vya ukongwe. Januari 1915, mbele ya mkutano wa madaktari, alifunua katuni ya mbuni, aliyewakilisha matajiri wa Boston, kichwa kikiwa mchangani, akiwarushia madaktari mayai ya dhahabu. Ghadhabu ilizuka, akalazimika kuuacha uenyekiti wa chama chao. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake likakaa bila jiwe la kumbukumbu hadi 2014.

Hata hivyo, wazo lake halikuzikwa. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani, alichoshiriki kukijenga, kilikagua hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi. Mwaka 1919 kilitangaza kuwa 89 pekee ndizo zilizotimiza viwango. Ukaguzi huo ulizaa utaratibu wa kuidhinisha hospitali nchini humo.

Hapa Kenya, leseni hutueleza kwamba daktari alisoma na kusajiliwa. Haituelezi yaliyowafika waliopita mikononi mwake. Faili zimo hospitalini. Kinachohitajika ni mtu wa kuzifungua mwaka mmoja baadaye, na sheria itakayomlinda daktari mwaminifu atakayekiri yaliyomo.