Mlinda mlango aliyezikwa bila jiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nieleze habari za Arthur Wharton, mlinda mlango wa Kiafrika aliyefariki zamani. Kilichonisukuma ni maneno ninayoyasikia kila niendapo uwanja wa Nyamagana kutazama timu za daraja la chini, kwamba hao ni wachezaji wa mchangani tu, wakifa nani atawakumbuka. Ajabu maneno hayo yasemwe Mwanza, mahali ambapo Pamba yetu ilishuka Ligi Kuu mwaka 2001 na kurudi mwaka 2024.

Wharton alizaliwa Jamestown, Accra, tarehe 28 Oktoba 1865. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Grenada, na mama yake alitoka ukoo wa kifalme wa Wafante. Kijana alipelekwa Uingereza kusoma ili naye awe mhubiri, lakini michezo ikamteka. Julai 1886, huko Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 akawa bingwa wa Uingereza, na mwaka uliofuata akashinda tena.

Mtu mwenye mbio hizo sisi tungempanga winga. Wao walimpanga golini! Alianzia Darlington, kisha akachezea Preston North End, akiwa bado wa ridhaa, na timu hiyo ikafika nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1887. Alikuwa na vituko vyake. Alikuwa akijibanza pembeni mwa goli amechuchumaa, kisha anafyatuka ghafla kuuwahi mpira. Husimuliwa kwamba siku moja alining'inia kwenye mtambaa-panya, akaubana mpira kwa miguu, na washambuliaji watatu waliokuwa wakija kwa kasi wakatumbukia golini wenyewe.

Mwaka 1889 Rotherham Town walianza kumlipa, na ndiyo maana hutajwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza duniani kucheza mpira wa kulipwa. Mwaka 1894 alipanda hadi Sheffield United ya daraja la kwanza. Bahati mbaya golini alimkuta William Foulke, pande la mtu, akaambulia michezo michache tu. Akarudi Rotherham, akaenda Stalybridge, Ashton, na mwisho Stockport County ya daraja la pili. Akaacha mpira mwaka 1902.

Baada ya hapo alifanya kazi ya kusukuma makaa katika mgodi wa Edlington. Alifariki Desemba 1930 akiwa fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1997, na sanamu yake ikasimamishwa mwaka 2014.

Ndugu Mhariri, nimeyaandika haya kwa sababu nilicheza daraja la tatu na mlinda mlango mmoja, nisimtaje jina, ambaye alimalizia siku zake akibeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kaburi lake halina hata kibao. Nawaomba viongozi wa klabu za mkoa wetu waanzishe daftari la majina ya wachezaji wa madaraja yote, na mahali walipozikwa. Sisi tuliocheza naye tumebaki wanne, na bado tunaweza kuwaonyesha alipolala.

Mpenzi wa Kandanda,
Kirumba, Mwanza.