Mfaransa wa bata la shaba na mawe ya Lyon

Wadau, ukitaja midoli inayocheza yenyewe wengi tunafikiria ile ya betri. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nikakutana na habari za Jacques de Vaucanson, mtoto wa mshona glovu, aliyezaliwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1709.

Mwaka 1738 aliwaonyesha watu wa Paris mdoli mkubwa kama mtu mzima, anapiga filimbi. Msidhani kulikuwa na kinanda kimefichwa ndani, hapana! Mivukuto ilisukuma pumzi hadi mdomoni, ulimi unacheza, vidole vinaziba matundu. Nyimbo 12. Wasomi wa Akademia ya Sayansi walimkagua mdoli wenyewe wakakubali.

Halafu likaja bata la shaba. Linapiga mbawa, linakunywa maji, linadonoa nafaka, na baada ya muda, samahanini, linakunya! Vaucanson akadai chakula kinasagwa tumboni. Changa la macho. Baadaye fundi wa mazingaombwe Robert-Houdin aliandika kwamba alilifungua bata hilo mwaka 1844, akakuta kinachotoka nyuma ni makombo ya mkate yaliyotiwa rangi ya kijani, yameandaliwa mapema.

Kwa uongo ule jamaa alishangiliwa. Kilichomponza ni kazi ya kweli. Mwaka 1741 serikali ya mfalme ilimpa ukaguzi wa viwanda vya hariri. Akaja na taratibu mpya, na mwaka 1744 wafumaji wa Lyon wakagoma na kumfukuza kwa mawe, ikabidi atoroke mji. Mwaka uliofuata akaunda mtambo unaofuma wenyewe. Mi naona kama alikuwa analipa kisasi, lakini hayo ni yangu.

Wafumaji wale siwalaumu hata kidogo. Nimemaliza fomu foo, nimezunguka na bahasha ya vyeti, na pale niliposubiri kuitwa kazini nikaambiwa wameleta mashine, watu wanatosha. Jiwe sikurusha ila nililifikiria.

Mtambo wenyewe haukupata soko, na Vaucanson akafariki Paris mwaka 1782. Ukabaki umehifadhiwa huko huko mpaka Joseph Marie Jacquard alipouchunguza, na mwaka 1804 akatoa wake unaoongozwa na kadi za matundu. Kadi za namna hiyo ndizo zilikuja kulisha kompyuta za zamani, mababu wa hii tunayoilipia hapa kwa nusu saa.