Edsger Dijkstra na Tatizo la Mkwamo katika Tarakilishi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana humu na maisha ya washairi na watunzi wa riwaya. Makala hii inamwangazia mtu wa uwanja mwingine, ingawa yeye pia alikuwa mtunzi: mtunzi wa programu za tarakilishi. Edsger Wybe Dijkstra alizaliwa mjini Rotterdam, Uholanzi, tarehe 11 Mei 1930. Babake alikuwa mwanakemia aliyefundisha shule ya upili, na mamake alikuwa mwanahisabati, ingawa hakuwahi kuajiriwa kwa taaluma hiyo. Wengi waliowahi kulisikia jina la Dijkstra wanalihusisha na mbinu ya kutafuta njia fupi zaidi baina ya miji miwili. Nia yangu ni kulifuata jambo jingine alilolivalia njuga kwa miaka mingi, yaani mkwamo, na kuonyesha kwa nini lingali linawahangaisha waandishi wa kiini cha mifumo ya uendeshaji, hasa pale kiini chenyewe kinapotaka kutoa ujumbe.

Mkwamo ni nini? Msomaji aliyewahi kuketi garini jioni kwenye makutano ya barabara jijini Nairobi, taa zikiwa zimezimika, anaujua. Kila gari limeshika nafasi inayohitajiwa na jingine, na hakuna linaloweza kurudi nyuma. Ndani ya tarakilishi, magari ni michakato, na nafasi hulindwa kwa kufuli. Mchakato wa kwanza umeshika kufuli moja na unangoja la pili. Mwenzake ameshika la pili na anangoja la kwanza. Hapo tena hakuna dereva wa kuteremka na kuwasihi wenzake. Mashine hunyamaza tu.

Dijkstra hakuanza kama mtu wa tarakilishi. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Leiden kusomea hisabati na fizikia. Mwaka 1951 alihudhuria kozi ya utunzi wa programu huko Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam. Mbinu ya njia fupi aliibuni mwaka 1956, akiwa ameketi mkahawani na mchumba wake, Ria Debets, bila kalamu wala karatasi. Ilimchukua dakika 20 hivi. Walipofunga ndoa mwaka 1957, alijiandikisha kuwa kazi yake ni mtunzi wa programu. Maafisa wa serikali waliikataa kazi hiyo, maadamu hawakuamini kwamba ipo, na cheti kikasema yeye ni mwanafizikia wa nadharia. Ni vigumu kutotabasamu kwa kisa hiki, lakini kilikuwa na uchungu wake pia: kijana huyu alikuwa ameuacha uwanja wenye heshima na kuingia katika uwanja usiokuwa hata na jina katika daftari la serikali.

Tatizo lililomtia hofu kwa mara ya kwanza lilijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenzake Bram Loopstra na Carel Scholten, waliokuwa wakisanifu tarakilishi iliyoitwa X1, walitaka iweze kukatizwa: kifaa cha nje kikimaliza kazi, kiisimamishe programu popote ilipofikia, kihudumiwe, kisha programu iendelee. Dijkstra alisitasita kwa miezi. Programu ya kawaida ikikosea, mtu huirudia na kosa hujitokeza tena mahali pale pale. Katika mashine inayokatizwa, kosa huzuka leo kwa sababu ya sadfa ya wakati, na kesho halionekani. Hatimaye alikubali, akauandika mwenyewe mpango wa kuhudumia ukatizaji, na kuufanya kuwa mada ya tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1959.

Mwaka 1962 alihamia Eindhoven kufundisha katika chuo cha teknolojia. Huko, pamoja na kikundi kidogo, aliunda mfumo wa uendeshaji ulioitwa THE, kutokana na herufi za kwanza za jina la chuo hicho. Tarakilishi yao, X8, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno elfu 32 na ushei, ilhali ilitakiwa iendeshe programu kadhaa kwa pamoja. Ili michakato isivamiane, Dijkstra alibuni chombo alichokiita kwa neno la Kiholanzi la nguzo ya ishara ya reli. Chombo hicho kina vitendo viwili tu, P na V. Hapo mwanzo herufi hizo zilitokana na maneno ya Kiholanzi ya kupita na kuachilia. Baadaye aliifafanua P kwa neno alilolifinyanga mwenyewe kutokana na kirai kinachomaanisha kujaribu kupunguza. Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu istilahi hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini. Dhana hii iliandikwa kwanza kwa Kiholanzi, na hadi leo vitabu vya Kiingereza huzitaja P na V bila wasomaji wengi kujua asili yake.

Kufuli peke yake haliondoi mkwamo. Kwa hakika ndilo linaloufanya uwezekane. Mwaka 1965 Dijkstra aliwapa wanafunzi zoezi la mtihani kuhusu tarakilishi tano zinazogombea vifaa vya kanda. Tony Hoare alilisimulia upya, na sasa linajulikana kama kisa cha wanafalsafa watano mezani, kila mmoja akihitaji uma mbili ilhali zipo tano. Kila mmoja akiinua uma wa kushoto kwa wakati mmoja, wote watakufa njaa. Mojawapo ya tiba ni kuzipa uma nambari na kumtaka kila mtu aanze na yenye nambari ndogo. Mduara wa kungojeana hauwezi kufunga tena.

Wazo la utaratibu ndilo uti wa mgongo wa THE, uliochapishwa mwaka 1968. Mfumo huo ulipangwa kwa ngazi. Ngazi ya 0 iligawa muda wa kichakato. Ya 1 ilisimamia kumbukumbu na pipa la sumaku lililohifadhi data. Ya 2 ilishughulikia mazungumzo kati ya michakato na mhudumu aliyeketi penye taipureta. Vifaa vingine na programu za watumiaji vilikuwa juu zaidi. Ngazi ya juu huitegemea ya chini, kamwe si kinyume. Msomaji atambue matokeo yake: huduma ya ujumbe imo katika ngazi ya 2, kwa hivyo ngazi za 0 na 1 haziwezi kuitegemea ziseme lolote. Kama zingeruhusiwa, msimamizi wa kumbukumbu angeomba ujumbe uandikwe, mwandishi wa ujumbe angeomba kumbukumbu, na wote wawili wangengojeana milele. Gharama ya usalama huo ilikuwa ukimya wa walio chini.

Waandishi wa viini vya leo hawakuwa tayari kuilipa gharama hiyo, na mimi siwalaumu, kwani hitilafu mbaya zaidi hutokea huko huko chini. Katika Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991, kuna amri ya kutoa ujumbe iitwayo printk, ambayo ilikusudiwa iweze kuitwa kutoka karibu kila mahali. Kwa miaka mingi hifadhi ya ujumbe ililindwa kwa kufuli. Kichakato kikikatizwa kikiwa kimelishika, na kihudumu cha ukatizaji nacho kikataka kutoa ujumbe, kichakato kingejingoja chenyewe. Vivyo hivyo, mpangaji wa michakato akitoa ujumbe huku ameshika kufuli la foleni yake, printk huenda ikalazimika kumwamsha mchakato uliolala, na kuamsha huko kunahitaji kufuli lile lile. Kwa hivyo ilitungwa amri ya kuahirisha: ujumbe uwekwe tu, na uchapishaji ufanywe baadaye mahali salama. Tangu mwaka 2006 Linux ina chombo kinachofuatilia mpangilio wa kushika kufuli na kuonya mduara unapowezekana, hata kabla mkwamo haujatokea. Na mwaka 2020, katika toleo la 5.10, hifadhi ya ujumbe ilibadilishwa kwa nyingine isiyotumia kufuli kabisa. Mwenye kuandika kiendeshi cha skrini au cha waya bado anapaswa kujihadhari asitoe ujumbe akiwa ameshika kufuli ambalo uchapishaji wenyewe utalihitaji.

Turejee Eindhoven. Makosa yaliyopatikana wakati wa kuujaribu mfumo wa THE yalikuwa madogo, takriban moja kwa kila amri 500. Hata hivyo, baada ya kazi hiyo Dijkstra alizama katika huzuni ya muda mrefu. Alijitibu kwa kuandika, na mwaka 1969 ukazaliwa mswada wake kuhusu utunzi wa programu wenye muundo. Mwaka 1972 alitunukiwa Tuzo ya Turing. Ulimi wake ulikuwa mkali. Aliwadharau hadharani watu na lugha za programu ambazo hazikumridhisha, na baadhi ya hukumu zake, kwa maoni yangu, zilikosa haki.

Tangu mwaka 1973 alifanyia kazi nyumbani kwake Nuenen akiwa mtafiti wa kampuni ya Burroughs, na mwaka 1984 akahamia Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani, alikofundisha hadi mwaka 1999. Aliandika kwa kalamu ya wino, akaipa kila insha nambari baada ya herufi EWD, akawatumia marafiki nakala, nao wakatoa nakala nyingine. Insha hizo zilizidi 1,300. Alirudi Nuenen mwaka 2002 akiugua saratani, akafariki tarehe 6 Agosti mwaka huo. Miswada yake imehifadhiwa Austin na inasomeka kwenye mtandao, zikiwemo zile za mwanzo za Kiholanzi zenye P na V.