Major Taylor: Bingwa wa baiskeli aliyekataa kipimo cha wengine

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MTU akienda soko la Owino kutafuta koti la mtumba, halilipii kabla ya kulivaa. Atanyoosha mikono aone kama mikono ya koti imemfunika vidole, atainama, atajigeuza, ndipo aanze kubishana bei. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua baiskeli, hubonyeza matairi, hupiga kengele, hutoa fedha na kuondoka. Kuanzia siku hiyo mwili wake ndio unaolazimika kuizoea baiskeli.

Wafupi ndio wanaoumia zaidi. Wengi wetu tuliokulia uhamishoni tulijifunza kuendesha kwa zile baiskeli nyeusi za magurudumu ya inchi 28, tukipitisha mguu chini ya chuma cha juu cha fremu kwa sababu hatukuweza kukipanda. Tulifika tulikotaka kufika, lakini tulifika tumepinda mgongo.

Nilikumbuka hayo hivi karibuni mwanafunzi wangu mmoja, binti mfupi mwenye miguu yenye nguvu, aliponijia na swali. Alikuwa ameonyeshwa baiskeli ya mashindano ya uwanjani iliyotumika Ulaya, nyepesi na ya kupendeza, na wazazi wake walikuwa tayari kutoa akiba yao. Alipoikalia, mikono ilimwishia na vidole vya miguu vilitafuta pedali. Muuzaji alimwambia ataizoea. Yeye alitaka kujua kama ni kweli. Badala ya kumjibu moja kwa moja, nilimsimulia maisha ya mtu aliyefariki miaka mingi kabla ya babu zetu wengi kumiliki baiskeli.

Mtoto wa mtunza farasi

Marshall Walter Taylor alizaliwa Novemba 26, 1878, katika mji wa Indianapolis nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa Wamarekani weusi waliohamia huko kutoka Kentucky. Baba yake alipata kazi ya kuendesha gari la farasi la familia moja tajiri ya wazungu, na kijana Marshall akachukuliwa kukaa humo kama rafiki wa kucheza na mtoto wa nyumba hiyo. Humo ndimo alimopata baiskeli yake ya kwanza. Familia ile ilipohamia Chicago, yeye alirudi kwao, na baiskeli akabaki nayo.

Alianza kwa kusambaza magazeti. Kisha duka moja la baiskeli lilimwajiri afanye michezo ya kuvutia wateja mbele ya mlango, akiwa amevaa sare ya kijeshi. Kutokana na sare hiyo watu wakamwita Meja, na jina la Major Taylor likamganda hadi kaburini.

Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha baiskeli cha Marekani kilipitisha kanuni ya kuwazuia weusi kuwa wanachama. Kanuni hiyo haikufutwa rasmi hadi mwaka 1999. Taylor alibahatika kupata mlezi, Louis Munger, mwanamichezo wa zamani aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Mwaka 1895 Munger alihamia Worcester, katika jimbo la Massachusetts, akaenda naye. Mwishoni mwa mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 18, Taylor akaingia rasmi katika mashindano ya kulipwa, na akashiriki mbio za siku sita katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Alimaliza wa nane, akiwa amezunguka zaidi ya maili 1,700.

Mfupi kuliko wote

Katika viwanja vya wakati ule alikuwapo mtu ambaye binti yangu wa shule alimpenda mara tu nilipomtaja. Jimmy Michael, kijana kutoka Wales, alikuwa na kimo kilichozidi kidogo tu futi 5. Mwaka 1895 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio ndefu zinazoongozwa. Katika mbio hizo mshindani hukimbia nyuma ya baiskeli nyingine ndefu, wakati mwingine ya watu watano, inayomkatia upepo. Mwili mdogo ukijificha vizuri nyuma ya watu watano hauguswi na upepo, na ufupi ukawa mtaji.

Agosti 1898 Taylor na Michael walikutanishwa kwenye kiwanja cha Manhattan Beach, New York, kwa mapambano ya maili moja moja. Michael ndiye aliyekuwa na jina kubwa. Taylor alishinda, na katika mzunguko wa mwisho aliikata maili kwa dakika 1 na sekunde 41 na ushei, rekodi mpya ya dunia. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kuwa alikuwa akibahatisha.

Mwaka uliofuata, Agosti 1899, alishinda mbio fupi za maili moja katika mashindano ya dunia mjini Montreal, Kanada. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa baiskeli. Mwaka 1900 akatwaa ubingwa wa Marekani.

Chuma kidogo mbele ya usukani

Usione vyaelea, vimeundwa. Baiskeli ya uwanjani ni chombo kisicho na huruma. Haina breki wala gia za kubadilisha. Gurudumu la nyuma na pedali vimefungamana, kwa hiyo gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke. Anayekaa vibaya juu yake hana nafasi ya kupumzika ili ajirekebishe.

Baiskeli nyingi za wakati wa Taylor zilikuwa na usukani uliokaa karibu na kifua, na mpandaji alikaa wima kama mtu aliye kitini kanisani. Taylor alitaka kulala mbele, mgongo sawa na barabara, ili upepo upite juu yake. Fremu haikumruhusu. Badala ya kuukunja mwili, alifunga kipande cha chuma kilichojitokeza mbele ya shingo ya usukani, nao usukani ukawa unaweza kusogezwa mbele au nyuma kisha ukakazwa kwa skrubu. Kifaa cha namna hiyo kinajulikana kwa jina lake hadi leo, na shingo zilizojitokeza mbele katika baiskeli za sasa zinafuata wazo hilo hilo.

Hapo ndipo nilipomwambia binti yule afungue daftari. Taylor aliweza kuusogeza usukani kwa sababu fremu yenyewe ilikuwa karibu na kipimo chake. Skrubu hurekebisha inchi moja au mbili, haiwezi kuigeuza fremu ya mtu mrefu kuwa ya mtu mfupi.

Anayetafuta baiskeli ya uwanjani akiwa mfupi aanze na urefu wa chuma cha juu, yaani umbali kati ya kiti na usukani. Wauzaji wengi hutaja kimo cha fremu tu, kile kinachopimwa kwenye chuma cha kiti. Lakini kiti hupandishwa na kushushwa kwa dakika moja, huku chuma cha juu hakifupishwi ila kwa msumeno na moto.

Pili, asimame juu ya baiskeli huku nyayo zote mbili zikigusa ardhi. Chuma cha juu kisimguse, pabaki nafasi ya vidole kadhaa. Tatu, akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiuno kikicheza huku na huku, kiti kiko juu mno, na kama kimeshafika mwisho wa kushuka, baiskeli hiyo si yake.

Nne, aangalie urefu wa mkono wa pedali, kile chuma kinachoishika. Baiskeli nyingi za barabarani huja na milimita 170 au zaidi. Uwanjani milimita 165 ni kawaida, na kwa mtu mfupi hata pungufu ya hapo hufaa. Mkono mfupi humsaidia kuzungusha haraka bila goti kumpiga kifuani, tena huzuia pedali kugonga kuta za kiwanja zilizoinama.

Tano, ageuze usukani huku mguu ukiwa mbele. Katika fremu ndogo yenye magurudumu ya kawaida, ncha ya kiatu huweza kugusa gurudumu la mbele. Uwanjani si tatizo kubwa kwa sababu hakuna kona kali za mwendo mdogo. Katika msongamano wa Kampala ni anguko, na baiskeli isiyo na breki haifai kuingizwa humo hata kidogo.

Kosa la kawaida ni kusukuma kiti mbele kabisa ili kuufikia usukani wa mbali. Mikono itafika, lakini magoti yatalipa, kwa sababu kiti kiliwekwa kwa ajili ya miguu. Kwanza weka kiti mahali pake, kisha utafute shingo fupi ya usukani. Hata hiyo ikizidi kuwa fupi, baiskeli huanza kuyumba kama mbuzi anayevutwa kamba.

Mcheza kwao

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maisha ya Taylor yanaitia methali hiyo majaribuni. Mwaka 1897, katika mji wa Taunton huko huko Massachusetts, mpinzani mmoja alimkaba shingo baada ya mbio hadi akazirai. Adhabu aliyopewa mkosaji ilikuwa faini ya dola 50. Palikuwa na viwanja ambavyo hakuruhusiwa kuingia, na hoteli ambazo hazikumpa chumba.

Ulaya ilimpokea vingine. Mwaka 1901 alikwenda Ufaransa na kuzunguka nchi kadhaa akiwashinda mabingwa wao. Mjini Paris, kwenye kiwanja cha Parc des Princes, alipambana na Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa mwaka 1900. Pambano la kwanza la mwezi Mei alishindwa. Siku chache baadaye walirudiana, naye akamshinda mbele ya umati mkubwa. Yote hayo aliyafanya akishikilia msimamo wake wa Kibaptisti wa kutoshindana Jumapili, siku ambayo viwanja vya Ulaya ndiyo vilikusanya fedha nyingi zaidi. Waandaaji walilazimika kumpangia siku nyingine. Hapo tena yeye hakusogea, ratiba ndiyo iliyosogea.

Mwaka 1902 alimwoa Daisy Morris. Alishindana pia Australia, na mtoto wao wa kike aliyezaliwa huko mwaka 1904 akapewa jina la mji wa Sydney. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 32, akaacha mashindano na kurudi nyumbani Worcester.

Wasomaji wetu waliorudi nchini baada ya miaka mingi ugenini wataelewa yaliyofuata. Mtu hurudi na fedha na jina, kisha hugundua kwamba jina halikubadilishiwi fedha dukani. Biashara alizozitilia mtaji zilimwangusha. Maradhi yakaja, kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 1929. Mwaka 1928 alichapisha kwa gharama yake kitabu cha maisha yake, akawa anakiuza mwenyewe mkononi. Ndoa ikavunjika. Akahamia Chicago, na huko akafariki Juni 21, 1932, katika wodi ya wasio na uwezo ya hospitali ya umma, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa katika kaburi lisilo na alama.

Mwaka 1948 kundi la wanamichezo wa zamani, wakisaidiwa kwa fedha na mwenye kiwanda cha baiskeli Frank Schwinn, waliufukua mwili wake na kuuzika kwa heshima katika makaburi hayo hayo ya Mount Glenwood. Uwanja wa baiskeli wa Indianapolis uliofunguliwa mwaka 1982 ulipewa jina lake, na mwaka 2008 Worcester ikamsimamishia mnara. Alitunzwa kwao, lakini alikuwa hayupo tena kupokea.

Kamba kabla ya fedha

Nchi yetu haipaswi kujiona mgeni katika habari za baiskeli. Boda boda, jina ambalo sasa linajulikana mbali sana, lilizaliwa mpakani Busia, vijana walipokuwa wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli kuwavusha kati ya vituo viwili katika miaka ya 1960 na 1970. Vijana hao walizikuta baiskeli za watu warefu wakazifanyia kazi hivyo hivyo, wakaongeza keria na mto wa abiria nyuma. Uhodari ule ni wa kusifiwa. Lakini mashindano hayangoji mtu azoee.

Kwa hiyo nawaomba wafanyabiashara wanaovuka Busia, Malaba au Mutukula: mtu akikuagiza baiskeli, usipokee jina la rangi tu. Chukua kamba. Pima mguu wake kwa ndani kutoka ardhini hadi kwenye nyonga, kisha pima mkono kutoka begani hadi kiganjani, ufunge fundo kila mahali. Kamba hiyo uende nayo sokoni. Mteja aliyeletewa baiskeli inayomkaa hurudi na ndugu zake. Aliyeletewa isiyomkaa huiegemeza ukutani, na kila anayepita huuliza nani aliyeileta.

Binti yule alikwenda na kamba yake kwa muuzaji Jumamosi iliyofuata. Chuma cha juu kilipita fundo la kamba kwa upana wa kiganja kizima. Hakununua. Wazazi wamezirudisha fedha walikozitoa, na yeye anaendelea kufanya mazoezi kwa baiskeli ya kuazima, kiti kikiwa kimeshushwa hadi mwisho, akingoja fremu ya kipimo chake ipatikane.