Choki Motobu: Bingwa wa Karate Aliyesomea Mtaani

Wengi wetu tusikiapo neno karate hukumbuka nguo nyeupe, mikanda ya rangi na vijana waliojipanga safu wakipiga ngumi hewani. Lakini palikuwa na mtu mmoja katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani, ambaye ngumi za hewani hazikumtosheleza. Mtu huyo ni marehemu Choki Motobu.

Motobu alizaliwa Aprili 1870 mjini Shuri, katika ukoo uliokuwa na nasaba na wafalme wa Ryukyu. Ufalme huo uliondolewa na Wajapani mwaka 1879, naye angali mtoto. Ilikuwa desturi ya ukoo wao mbinu za siri za mapigano kurithishwa mwana mkubwa. Choki alikuwa wa tatu, basi urithi ukamwendea nduguye mkubwa, Choyu.

Kijana hakukaa akalia. Alisoma kwa mwalimu Anko Itosu, kisha akamwendea Kosaku Matsumora wa Tomari. Kila siku alipiga nguzo iliyozongwa majani makavu hadi ngumi zikawa sugu. Kwa wepesi wake watu wakamlakabu Saru, yaani kima. Usiku alishukia Tsuji, mtaa wa starehe mjini Naha, akatafuta wa kupigana naye, apate kujua lipi katika aliyofunzwa lafaa na lipi ni pambo tu. Wazee wa fani hiyo walichukizwa, na haki yao. Kumchokoza mtu asiyekukosea si ushujaa.

Hata hivyo, elimu aliyoichuma huko haikuwa ndogo. Aliona kwamba mtaani adui hangoji ujipange. Kwa hivyo alishikilia zaidi zoezi moja la kale, Naihanchi, la kwenda ubavu ubavu huku miguu imekita. Mikono aliitaka iende pamoja kama mke na mume: ulio mbele ukinge na kupiga papo hapo, wa nyuma uwe karibu kuusaidia. Kukinga kwanza ndipo upige, kwake ilikuwa ni kuchelewa.

Mnamo 1921 hivi alihamia Osaka. Mwaka 1922 alikwenda Kyoto, ambako bondia wa kigeni, pandikizi la mtu, alikuwa akipambana na yeyote atakayejitokeza. Motobu, mzee wa miaka 52, akapanda ulingoni. Watazamaji walimdharau, lakini haukupita muda bondia alikuwa chini, hajitambui.

Mwaka 1925 gazeti maarufu la Kingu lilikisimulia kisa hicho, na Wajapani wengi wakaijua karate kwa sababu yake. Ajabu ni kwamba jina lilikuwa la Motobu, lakini michoro ilimwonyesha Gichin Funakoshi, mwalimu mwingine wa Okinawa aliyekuwa akifundisha Tokyo. Wawili hao hawakupatana: mmoja alipenda adabu na mazoezi ya mtu peke yake, mwingine alitaka watu wawili wakabiliane. Mwenye kuvuja jasho akaona sifa zimevishwa sura ya mwingine.

Motobu alijibu kwa kazi. Mwaka 1926 alitoa kitabu chenye picha zake mwenyewe akionyesha mapambano ya watu wawili, na mwaka 1932 akatoa cha pili. Waliokuwa wakimwita mpigani wa mitaani asiye na elimu wakapata cha kusoma. Alifariki Okinawa mwaka 1944, na mwanawe Chosei akauendeleza mtindo wake, Motobu-ryu.

Vijana wetu wapendao karate wana la kuchukua na la kuacha katika maisha haya. Ugomvi wa Tsuji na uachwe. Lakini ile hamu ya kulijaribu kila funzo kabla ya kulitegemea, hiyo ni akiba. Siku mhuni atakapokuzuia kichochoroni, hatauliza rangi ya mkanda wako.